Subneti moja kubwa, vipande sawa au vipande vya saizi tofauti: mtandao wako uugawe vipi?

Wakuu, kuna swali linarudi kila mara mtu akishaanza kuelewa mambo ya subneti, yaani vipande vya mtandao: "sawa, kugawa nimeshajua, sasa nigawe vipi?" Ni swali la haki kabisa, maana masomo mengi yanakufundisha hesabu alafu yanakuacha mlangoni, unajua kabisa slashi 26 ina anwani 64 ila hujui kama mtandao wako unaihitaji hiyo slashi 26 au unajitesa bure. Njia kubwa ziko tatu. Ya kwanza ni kutogawa kabisa, kila kifaa kinakaa kwenye subneti moja, wengine wanaita mtandao bapa. Ya pili ni kukata vipande vyote saizi moja, ndo ile FLSM. Ya tatu ni kukata kila kipande kwa kipimo cha wanaokaa humo, ndo VLSM. Nitazipitisha zote kwenye mtandao mmoja wa mfano tuone kila moja inatoa nini na inadai nini.

Kumbusho la haraka, anayejua aruke

Anwani ya IPv4 ni biti 32, zimekatwa mafungu manne ya biti nane nane, ndo maana kila namba inaanzia 0 na kuishia 255. Maski kazi yake ni moja tu, kusema biti ngapi za mwanzo ni za mtandao na zilizobaki ni za vifaa. Slashi 24 maana yake biti 24 za mtandao, zinabaki 8, na biti 8 zinatoa anwani 256, unatoa ya kwanza ambayo ni ya mtandao wenyewe na ya mwisho ambayo ni ya brodkasti (tangazo linalokwenda kwa vifaa vyote vya subneti), unabaki na 254.

Njia yangu ya mkato: 256 toa namba ya mwisho ya maski, unapata hatua. Maski ikiwa 255.255.255.192, yaani slashi 26, hatua ni 64, kwa hiyo subneti zinaanzia 0, 64, 128 na 192. Ukipewa 192.168.10.77 unaangalia imeangukia wapi, iko kati ya 64 na 127, basi mtandao wake ni 192.168.10.64, brodkasti ni .127 na vifaa vinakaa .65 mpaka .126. Asiyeamini afanye kwa biti: 77 ni 01001101, 192 ni 11000000, unabakiza 1 pale tu zote mbili zilipo 1, unapata 01000000 ambayo ni 64. Hesabu hiyo hiyo ndo kompyuta inaifanya kila inapotaka kutuma paketi, inajiuliza: huyu ninayemtumia ni wa subneti yangu nimwite mwenyewe, au ni wa mbali nimpe ruta apeleke? Hilo swali likae kichwani, kuna printa huko chini itatukumbusha.

Mfano wetu na vigezo

Tuseme una ofisi yenye laptopu na simu za wafanyakazi 100, wageni wa waifai 50, kamera 25, seva na printa jumla 10, na viungo viwili vya ruta kwa ruta, kimoja kinaenda kwenye fayawoli (kichujio cha usalama) na kingine jengo la pili, kila kiungo kinahitaji anwani 2.

Nitapima vitu vitano: anwani zinazopotea, ugumu wa hesabu na wa kusoma, ukuaji, kelele na usalama, na siku mambo yakiharibika. Alafu nani inamfaa.

Kabla hatujaanza niseme wazi upande nilipo. Kigezo cha anwani zinazopotea watu wanakipa uzito kupita kiasi, na lawama naipeleka kwenye mitihani, maana swali la mtihani karibu kila siku linakupa slashi 24 moja na kukuambia usipoteze hata anwani moja. Huko ndani ya ofisi yako unatumia anwani binafsi, zile zilizotengwa kwenye RFC 1918 ya Februari 1996 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti): 10.0.0.0/8 yenye anwani 16,777,216, 172.16.0.0/12 yenye 1,048,576 na 192.168.0.0/16 yenye 65,536. Huombi ruhusa kwa mtu wala hulipi. Ubahili wa anwani ulikuwa na maana yake zamani, enzi za madaraja A, B na C, yaani saizi za mtandao zilizopangwa tayari, ambapo mwenye kompyuta 300 alikuwa haenei kwenye daraja C la 254 na akipewa daraja B la 65,534 ni kama kumpa mtu mmoja basi zima asafiri peke yake. Subneti zikasanifiwa rasmi 1985, CIDR, mfumo wa kukata anwani kwa slashi yoyote, ikaja 1993 ikayaua madaraja, na hata hivyo Februari 2011 IANA, wasimamizi wa anwani duniani, ikagawa mafungu yake ya mwisho ya IPv4. Kwa hiyo uhaba ni wa kweli, ila ni wa anwani za umma. Za ndani tunazichezea tu.

Njia ya 1: subneti moja kubwa

Anwani zinazopotea. Karibu hakuna. Vifaa 185 pamoja na anwani moja ya lango (ile ya ruta, mlango wa kutokea nje) vinaingia kwenye 192.168.10.0/24 na nafasi inabaki. Vile viungo vya ruta havihesabiki, jengo la pili unalivuta kwa swichi basi.

Hesabu. Hakuna cha kuhesabu. Maski moja, lango moja, DHCP moja (huduma inayogawa IP kwa vifaa), hata asiye mtu wa mitandao anaweza akaelezwa kwa simu akafuata.

Ukuaji. Hapa kuna mtego mdogo. Ukizidi 254 unapanua maski kuwa slashi 23, unapata 510, ila slashi 23 inaanza kwenye namba shufwa tu ya fungu la tatu. 192.168.10.0/23 inakwenda mpaka 192.168.11.255, sawa, lakini kama ulikuwa umekaa 192.168.11.0 usidhani utapanuka kwenda 12, kipande chako kinaanzia 10, na kama 10 umeshampa mtu mwingine imekula kwako. Alafu humo ndani 192.168.10.255 na 192.168.11.0 zinakuwa anwani za kawaida kabisa za vifaa, watu wakiziona wanashtuka wanadhani ni makosa. Na kila kifaa chenye IP ya kuandikwa kwa mkono lazima ukifuate ukabadilishe maski, ukisahau kimoja umejipandia tatizo la mwezi ujao.

Kelele na usalama. Kifaa kikiuliza "nani mwenye IP hii?" vifaa vyote 185 vinasikia. Kwenye swichi za leo hilo sio janga, ila kwenye waifai brodkasti inarushwa kwa kasi ya chini ili hata aliye mbali asikie, inakula muda wa hewa wa wote. Kibaya zaidi ni kwamba simu ya mgeni na kamera zako ziko chumba kimoja, paketi kati yao hazipiti kwenye ruta, na kisichopita kwenye ruta fayawoli yako haikioni, hivyo hata uweke sheria nzuri kiasi gani hazimgusi. Waifai nyingi zina mpangilio wa kuzuia wageni wasionane, inasaidia kiasi, ila mtu akichomeka waya ukutani imeisha hiyo.

Siku ya matatizo. Kwa matatizo madogo ni raha tupu, unapiga ping tu, hakuna ruta katikati wala sheria ya kukuchanganya. Kwa makubwa ni balaa maana wote wanaanguka pamoja. Mtu achomeke kebo ncha zote mbili kwenye swichi isiyo na kinga ya mzunguko, ofisi nzima inazima. Au aje na karuta kake ka nyumbani akachomeke upande wa LAN, kaanze kugawa IP za 192.168.1.x kwa kila anayewasha kompyuta, wewe unashinda siku nzima unatafuta mbona nusu ya watu wana intaneti na nusu hawana.

Inamfaa nani. Nyumbani, ofisi ndogo wanaojuana wote, karakana, mtandao wa siku mbili wa shughuli fulani. Usione aibu kuitumia, mtandao wa vifaa 20 uliokatwa vipande sita ni sifa tu za aliyeufunga.

Njia ya 2: vipande sawa

Tuanze na lawama yake. Ukiichukua ile 192.168.10.0/24 peke yake ukataka vipande sita sawa, inabidi ukate slashi 27, unapata vipande 8 vya vifaa 30, na wafanyakazi 100 hawaingii. Ukikata slashi 25 wafanyakazi wanaingia, ila vipande ni viwili tu, wengine wakalale wapi? Hapo ndo mwalimu anasema "mnaona, FLSM haifai" na mjadala unafungwa. Lakini nani kakuambia una slashi 24 moja? Chukua 10.1.0.0/16 na kila kundi lipe slashi 24 yake: wafanyakazi 10.1.10.0, wageni 10.1.20.0, kamera 10.1.30.0, seva na printa 10.1.40.0, viungo vya ruta 10.1.250.0 na 10.1.251.0. Na namba za VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja) unaziweka zifanane na fungu la tatu, VLAN 10, 20, 30, 40. Umemaliza.

Anwani zinazopotea. Nyingi, tena za kuchekesha. Kiungo cha ruta kwa ruta kimeshika anwani 254 na kinatumia 2. Ukijumlisha vipande vyote sita una nafasi 1,524 na unazotumia hazifiki 200. Mtu wa mtihani akiona hii anashika kichwa, ila jiulize hizo zilizobaki zingemfaidi nani mwingine? Hakuna, ziko ndani kwako.

Hesabu. Hii ndo sababu mimi naipenda. Maski ni 255.255.255.0 kila mahali, lango ni .1 kila mahali. Saa nane usiku unasoma logi za fayawoli unaona 10.1.30.14 inajaribu kwenda 10.1.40.5, unajua papo hapo kuna kamera inahangaika na seva, hujafungua jedwali lolote wala hujashika kalamu.

Ukuaji. Kila kundi lina nafasi mpaka 254 bila kumgusa jirani, na kundi jipya likija unalipa namba inayofuata, vipande vya slashi 24 ndani ya slashi 16 viko 256. Tatizo linakuja kundi moja likivuka 254, hapo usawa unavunjika, aidha umpe slashi 23 au umgawe mara mbili kwa ghorofa au kwa jengo. Kwa wageni wa waifai hilo linatokea haraka kuliko unavyodhani, mtu mmoja ana simu, laptopu na saa, zote zinadai IP, na kama DHCP umeiacha ishikilie anwani siku nane basi hata walioondoka juzi bado wameshika viti.

Kelele na usalama. Brodkasti ya wageni inaishia kwa wageni, kebo ya mzunguko kwenye VLAN ya kamera haiwaangushi wafanyakazi moja kwa moja. Ila hapa naomba tuelewane, na hili linaihusu VLSM pia: subneti peke yake si ukuta. Ukiweka subneti mbili kwenye swichi moja bila VLAN, zote ziko kwenye waya ule ule, mjanja anabadilisha IP yake kwa mkono anahamia upande wa pili. Na hata ukiweka VLAN, ruta ikishazijua zote mbili kazi yake ni kupitisha, itampitisha mgeni mpaka kwenye kamera kwa adabu zote mpaka uandike sheria ya kumkataza. Nimeona mtandao umegawanywa vizuri unavutia kwenye karatasi, VLAN saba, na sheria ya fayawoli ni moja: ruhusu wote kwenda kote. Uzuri wa vipande sawa ni kwamba hizo sheria zinaandikika na kusomeka kirahisi, zuia 10.1.20.0/24 isiende 10.1.0.0/16 ila iende nje, mstari mmoja umewafungia wageni. Angalia tu wasitegemee DNS (huduma ya kutafsiri majina kuwa IP) iliyo humo ndani, hiyo uiruhusu kwanza juu yake.

Siku ya matatizo. Makosa ya kuandika maski yanapungua sana kwa sababu maski ni moja. Ukiwa na matawi, tawi la kwanza 10.1.0.0/16, la pili 10.2.0.0/16, makao makuu yanahitaji mstari mmoja tu wa njia kwa kila tawi. Ubaya wake, kila mtu duniani anapenda 10.1 na 10.0, siku mnaunganisha mitandao miwili ya kampuni mbili kwa VPN (njia ya siri kupitia intaneti) mnakuta wote mna 10.1.10.0/24, na hapo kuna mmoja atahama au mtaingia kwenye kutafsiri anwani, kazi ambayo simtakii mtu. Chagua namba isiyopendwa, 10.83 au 10.147, hakuna anayekuuliza.

Inamfaa nani. Shule, hospitali, ofisi ya kati, kampuni yenye matawi, na hasa mahali ambapo atakayeutunza mtandao sio wewe uliyeupanga.

Njia ya 3: kila kipande na saizi yake

Rudi kwenye 192.168.10.0/24 ile ile iliyomshinda FLSM. Unapanga makundi kuanzia kubwa kwenda dogo na kila moja unalipa kipande kidogo kabisa kinachomtosha:

Wafanyakazi 100: 192.168.10.0/25, vifaa .1 mpaka .126
Wageni 50: 192.168.10.128/26, vifaa .129 mpaka .190
Kamera 25: 192.168.10.192/27, vifaa .193 mpaka .222
Seva na printa 10: 192.168.10.224/28, vifaa .225 mpaka .238
Kiungo cha kwanza: 192.168.10.240/30, .241 na .242
Kiungo cha pili: 192.168.10.244/30, .245 na .246

Imebaki 192.168.10.248/29 kama akiba. Kwa nini kubwa kwanza? Kwa sababu kipande lazima kianzie kwenye hatua yake. Slashi 25 ina hatua ya 128, inaanzia 0 au 128 na si pengine. Ukimtanguliza yule wa slashi 30 akakaa .0 mpaka .3, slashi 25 haiwezi kuanzia .4 hata umbembeleze, itarukia .128, na huku nyuma umeacha mashimo ya kuja kuyajaza na vitu vidogo vidogo.

Anwani zinazopotea. Hapa haina mpinzani. Umetumia 248 kati ya 256, makundi yote sita yameingia. Ukitaka kubana zaidi, viungo vya ruta kwa ruta vinaweza kuwa slashi 31, yenye anwani mbili na zote zinatumika, hiyo ilikubalika rasmi mwaka 2000 kwenye RFC 3021 na ruta nyingi za leo zinaielewa.

Hesabu. Lazima ujue unachofanya, na anayekuja baada yako lazima ajue pia. 192.168.10.201 ni nani? Mpaka ukumbuke slashi 27, hatua 32, 192 mpaka 223, aah ni kamera. Kwa aliyezoea ni sekunde mbili, kwa asiyezoea ni kikokotoo cha mtandaoni kila mara. Na ukiandika sheria kwenye vifaa vinavyotumia maski iliyogeuzwa, kamera zinakuwa 192.168.10.192 0.0.0.31, ukikosea ukaandika 0.0.0.63 umewaingiza seva, viungo na akiba yote kwenye sheria ya kamera.

Ukuaji. Hapa ndo inaumia. Wafanyakazi wana nafasi 126, lango limechukua moja, wakifika 130 unawapeleka wapi? Jirani yao wa kulia ni wageni, ameanzia .128 hapo hapo. Itabidi umhamishe mmoja, na kuhamisha subneti ni kubadilisha DHCP, lango, sheria za fayawoli, IP za mkono, na kile kifaa kimoja ambacho nenosiri lake hakuna anayelijua. Wazoefu wanakwepa hili kwa kumpa kila kundi saizi moja juu ya mahitaji na kuacha jirani wazi, ila ukifanya hivyo ule ubanaji uliokuleta huku unaanza kuyeyuka.

Kelele na usalama. Sawa sawa na njia ya pili, brodkasti zinatengana, na maneno yale yale ya VLAN na sheria yanahusu.

Siku ya matatizo. Sasa ile printa. Kuna mahali tulikuwa na slashi 24 moja, tukaikata kwa VLSM, printa ikabaki na IP yake ya mkono 192.168.10.20 na ikaangukia kwenye kipande cha .0 mpaka .63. Maski yake tukasahau, ikabaki 255.255.255.0. Watu wa kipande kile kile wanachapa vizuri, watu wa .200 na kuendelea hawachapi, na ukiangalia paketi zao zinafika kabisa kwenye printa. Tulibadilisha kebo, tukaweka upya draiva, tukamlaumu mtu wa fayawoli. Kumbe printa ikipokea kazi kutoka .200 inataka kujibu, inafanya ile hesabu, kwa maski ya slashi 24 inaona .200 ni wa nyumbani, basi haimpi ruta, inaita mwenyewe "nani .200?" na upande ule hakuna wa kuitika. Kinachochanganya zaidi, kuna ruta zinazoitika kwa niaba ya wa mbali, zikifanya hivyo printa inafanya kazi kwa bahati, alafu siku unabadilisha ruta ndo tatizo la miaka miwili linazaliwa upya. Kwenye VLSM kila maski ni tofauti kwa hiyo nafasi za kukosea hivi ni nyingi zaidi. Sio kosa la VLSM, ni letu, ila njia inayotoa nafasi nyingi za kukosea inabidi ilipwe kwa maandishi mazuri.

Na tusisahau ruta zenyewe, VLSM inahitaji itifaki ya ruta kupeana njia inayobeba maski pamoja na njia. RIP ya toleo la 1 haibebi, RIP toleo la 2 na OSPF zinabeba. Leo hii RIP 1 utakutana nayo zaidi kwenye karatasi ya mtihani kuliko kwenye kabati la vifaa.

Inamfaa nani. Mwenye anwani za umma za kuhesabu, watoa huduma za intaneti, aliyepewa kipande kidogo na wakubwa zake akaambiwa ajibane humo humo, na yeyote anayejiandaa na mtihani.

Tukirudi kwenye hali yako

Kama una vifaa chini ya 50, hakuna wageni wala kamera, kaa na subneti moja. Ila usichukue 192.168.0.0 wala 192.168.1.0, ruta nyingi za nyumbani zinatoka kiwandani na hizo, siku mfanyakazi anaingia kwa VPN kutoka kwake kompyuta inaona seva ya ofisi ni ya subneti ya nyumbani kwake, inaitafuta sebuleni.

Kama una wageni au kamera, hata kama vifaa ni 40, gawa. Vipande vitatu vya slashi 24 vinatosha na hutahitaji kalamu.

Kama umepewa slashi 28 au slashi 29 ya anwani za umma, VLSM haina mjadala. Slashi 29 ni anwani 8, zinazotumika 6, na mara nyingi moja kati ya hizo ni ya ruta ya mtoa huduma.

Kama uko katikati, ofisi ya kawaida inayokua, fanya wanavyofanya wengi kimya kimya: makundi ya watu na vifaa slashi 24 sawa, viungo vya ruta slashi 30 au 31 vilivyokusanywa kwenye kipande kimoja. Kwa jina la kitabuni hiyo ni VLSM, kwa kuitumia ni FLSM, na hakuna atakayekuja kukudai jina.

Kwenye klaudi (seva za kukodi mtandaoni) hesabu inabadilika kidogo. AWS ya Amazon kwa mfano inashikilia anwani 5 kwenye kila subneti badala ya 2, subneti ndogo kabisa inayokubali ni slashi 28 na humo unabaki na 11, na ukishaitengeneza huwezi kuibadilisha saizi. Huko kata vikubwa toka siku ya kwanza.

Ukiingia IPv6, toleo jipya la anwani, mjadala mzima unakufa. Kila subneti ya vifaa ni slashi 64, kwa sababu vifaa kujipangia anwani vyenyewe kunategemea hiyo saizi. Ukipewa slashi 56 una subneti 256, ukipewa slashi 48 una 65,536. Vipande sawa, upende usipende, na kiungo cha ruta kwa ruta wengi wanakipa slashi 127.

Na kama umerithi mtandao wa mtu, umekatwa vipande vya ajabu lakini unafanya kazi, usiukate upya kwa sababu tu haukupendezi. Andika kwanza kila kipande, maski yake, lango lake na nani anakaa humo, alafu vitafute vifaa vyote vyenye IP ya mkono. Ukishaamua kuhama, hamisha kundi moja moja, anza na wageni maana wote wako kwenye DHCP, na siku chache kabla punguza muda wa DHCP kushikilia anwani uwe saa moja, ili siku ya kuhama vifaa vihame vyenyewe bila wewe kuzunguka ofisini ukimwomba kila mtu azime waifai awashe tena.